Mpiga Gitaa Hupimwa Pembeni mwa Wenzake

Bendi ikiwa jukwaani, iwe Bariadi mjini, Maswa au Mwanhuzi, usianze na mpiga solo. Najua macho yatakuvuta kwake. Ndiye anayesimama mbele, ndiye anayetunzwa, ndiye watoto watakayemwiga kesho kwa kipande cha ubao. Mwache kwanza. Mtafute yule aliyesimama karibu na dramu, ambaye mkono wake wa kulia hautulii na uso wake haubadiliki. Huyo ni mpiga ridhimu. Msikilize nyimbo mbili nzima kabla hujahamia kwa mwingine. Akiwa imara, solo wa kawaida tu atasikika fundi. Akiyumba, hata Mbaraka Mwinshehe angehangaika mbele yake.

Nimekaa na wapiga gitaa na wapenzi wa dansi muda wa kutosha kuona kwamba sifa tunayoitoa upesi kuliko zote ni ya kasi. Kijana akishuka na kupanda shingo ya gitaa bila kukanyaga pabaya, ukumbi mzima unapiga mluzi. Kasi ni ufundi, sikatai, na hakuna anayeipata bila kunyimwa usingizi na gitaa lake. Lakini gitaa la dansi halipigwi na mtu mmoja. Linapigwa na watatu au wanne wanaogawana wimbo mmoja, na mpiga gitaa bora ni yule anayejua nafasi ya kuwaachia wenzake na namna ya kuijaza ile aliyoachiwa. Hayo hayaonekani kwa macho. Yanasikika, na kusikia kunafundishika.

Mtu wa Simiyu analianza somo hili akiwa na akiba. Mkoa wenyewe ni mpya. Ulizaliwa mwaka 2012, ukizichukua Bariadi, Maswa na Meatu kutoka Shinyanga, Busega kutoka upande wa Mwanza, na Itilima ikimegwa kutoka Bariadi. Desturi ya kupima ngoma hadharani, hata hivyo, ina umri mkubwa kuliko mipaka yote hiyo. Bagika na Bagalu, makundi mawili makuu ya ngoma ya Kisukuma, yanatokana na magwiji wawili waliokuwa washindani, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno makundi hukutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila upande na ningi wake, yaani manju wake, anayetunga na kuimba. Kwa desturi hapakuwa na majaji waliokaa mezani na kalamu. Watazamaji ndio waliohama, wakitoka huku kwenda kule, na upande uliobaki na umati mkubwa ndio ulioshinda. Ndiyo maana manju alikuja na kila alichokuwa nacho: utunzi mpya, mavazi, chatu shingoni, na samba, ile dawa ya mvuto.

Ukisimama katikati ya uwanja kama huo na kutazama umati badala ya wachezaji, utajifunza jambo ambalo litakufaa ukumbini. Kinachowaita watu na kinachowakalisha ni vitu viwili. Chatu anaita. Akishaonekana, watu hukimbilia upande wake, wakamtazama, kisha miguu ikaanza kutafuta tena. Mdundo ndio unaokalisha. Kundi lenye ngoma zilizoshikana linaweza kukosa chatu na bado saa mbili baadaye likawa na watu wake wote pamoja na wa jirani. Kwenye dansi solo ndiye anayeita, ridhimu na besi ndio wanaokalisha, na ukitaka kujua kama mpiga solo fulani ni mkubwa kweli, tazama kama watu bado wanacheza dakika tano baada ya mbwembwe zake kwisha.

Bugobogobo inasema hivyo hivyo kwa njia ya kazi. Ngoma ile hupigwa wakulima wakiwa wamejipanga shambani, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Mpigaji akilegea, majembe yanapishana na mstari unavunjika, na hakuna haja ya mtu kutoa maoni. Mpiga ridhimu yuko katika nafasi ya mpigaji yule. Kuna watu mia wanaocheza juu ya mkono wake, na mkono ukichoka wote wanajua, hata wasioweza kueleza ni nini kimebadilika.

Kidogo juu ya tulikotoka, maana bila hivyo masikio hayajui yanalinganisha na nini. Bendi zetu zilijiita jazz tangu Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1930, kabla OK Jazz ya Franco haijazaliwa Kinshasa mwaka 1956. Zilipiga rumba, chacha na midundo ya nyumbani iliyopandishwa kwenye magitaa. Kwa mtu wa Bariadi mbili kati ya zile kubwa zilikuwa za majirani. Western Jazz iliasisiwa mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, ikawa na makao Dar es Salaam na mtindo wake wa Saboso. Tabora Jazz, wana Segere Matata, ilikuwa kwenye njia panda ya reli, pale tawi la Mwanza linapoachana na lile la Kigoma na kupanda kaskazini hadi kupita Malampaka, katika wilaya ya Maswa. Pamba ikianza kununuliwa, kuanzia Mei, fedha huingia vijijini, na bendi zilizokuwa na akili zilipanga ziara za kanda ya ziwa kufuata mavuno. Miezi iliyobaki ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Wapenzi wengi wa huku waliwajua wapiga gitaa kwa sauti miaka mingi kabla hawajawaona kwa sura, na nadhani ndiyo sababu wazee wa Bariadi wana masikio makali. Mtu anayemjua mpiga gitaa kwa redio hadanganyiki na kofia wala miwani.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Bendi iliyokamilika ina besi, ridhimu, solo na, katikati yao, solo ya pili, ambayo wengine huiita gitaa la kati. Ridhimu huzungusha duara fupi: hushika kodi moja lakini haipigi nyuzi zote kwa pamoja, huzidokoa moja moja kwa mpangilio usiobadilika, kodi ikihama mpangilio unahama nao. Solo ya pili huingia kwenye mianya ya ridhimu, na solo huelea juu, akijibu waimbaji. Besi huwaambia wote nyumbani ni wapi. Fumba macho ujaribu kulitenga gitaa moja, ulifuate peke yake mpaka mwisho wa ubeti, kisha uchukue jingine. Kwenye bendi nzuri utaweza. Kila gitaa lina eneo lake, moja chini, moja katikati, moja juu, na ukiacha kuyatenga yanarudi kuwa kitu kimoja. Kwenye bendi mbovu hutaweza, kwa sababu wote wamejazana eneo moja la shingo ya gitaa. Dalili yake ni rahisi: kila baada ya wimbo kuna mtu anainama kuongeza sauti ya spika yake. Anayeongeza sauti anatafuta nafasi aliyoinyima bendi mwanzoni.

Mfano wa kujifunzia upo, na kila mtu anaujua kwa kucheza, ila wachache wameukalia chini kuusikiliza. Ni "Sina Makosa" ya Les Wanyika, kundi lililoanzishwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, wengi wao wakiwa Watanzania. Ridhimu ni ya Omar Shabani, besi ni ya Tom Malanga. Usisikilize maneno. Sikiliza namna besi inavyosema kidogo kisha ikanyamaza, na namna ridhimu inavyopita kwenye ukimya huo bila kuharakisha. Wapiga besi wengi wa leo wangeujaza ukimya ule kwa sababu wana vidole vya kuujazia. Malanga hakuujaza, na wimbo unatembea mpaka leo.

Kabla ya wimbo wa kwanza kuna kipimo ambacho hakihitaji tiketi hata kidogo. Fika mapema, wakati wanafunga vyombo, usikie wanavyolinganisha nyuzi. Bendi yenye mwalimu hulinganisha kwa gitaa moja: mmoja anatoa sauti, wengine wanaifuata, na yule aliyetoa anazunguka kuwasikia mmoja mmoja. Bendi isiyo na mwalimu kila mtu anafungua spika yake na kulinganisha kwa wakati wake, juu ya kelele za wenzake. Nyuzi zilizopishana kidogo tu hazikeri sana kwenye solo, kwa sababu solo hupita haraka. Zinaua ridhimu, ambayo hurudia sauti zile zile mara mia mbili kwa wimbo. Ukumbi ukipata joto nyuzi hulegea, na mpiga gitaa mzuri utamwona akizirekebisha kati ya nyimbo kwa mkono mwepesi, bila kuwasimamisha wengine.

Kisha msikilize solo anapoimba mwimbaji. Hapo ndipo ninapowapima wote, na hapo ndipo wengi wanapoanguka. Mwimbaji anapotamka, gitaa linatakiwa liwe chini au lisiwepo. Anapovuta pumzi, gitaa lijibu. Jibu lenyewe lihusiane na alichoambiwa. Mwimbaji akimaliza sentensi kwa sauti inayoshuka, solo anaweza kuishusha zaidi au kuipandisha kama anayebisha, lakini hawezi kuanza habari nyingine. Nimewasikia wapiga solo hodari wakijibu kila mstari kwa vipande vilevile walivyovizoea nyumbani, kama mtu anayejibu salamu zote kwa neno moja. Vidole vilikuwa sahihi. Hawakuwa wamesikia swali.

Chemko ndiyo umati unayoisubiri. Wimbo wa dansi kwa kawaida una nusu mbili, ya kwanza ya hadithi na ya pili ya kucheza, na kwenye santuri za zamani mara nyingi hadithi ilikaa upande mmoja na chemko ikakaa upande wa pili. Solo sasa ana uwanja. Anachofanya fundi ni kuchukua kipande kifupi, sauti nne au tano, akakirudia. Anakirudia mpaka wachezaji wamekishika mwilini, mpaka wanakisubiri, kisha anabadilisha sauti moja. Moja tu. Utauona ukumbi ukishtuka. Anakirudia kipya, anakibadilisha tena. Ndani ya dakika tatu amesafiri mbali sana, na hakuna mchezaji aliyepotea njiani. Asiye fundi huleta kipande kipya kila sekunde mbili, vyote vizuri, na hakuna hata kimoja ambacho mchezaji amepata muda wa kukicheza. Mashabiki waliokaa na chupa zao watampigia makofi. Tazama walio katikati ya ukumbi. Kiuno hakidanganyi.

Jambo la pili kwenye chemko ni nyuzi mbili kwa pamoja. Tangu enzi za Docteur Nico na African Jazz, wapiga gitaa wa Kongo na wetu wamekuwa wakipandisha na kushusha sauti mbili zinazotembea sambamba, na sauti hiyo tamu ndiyo inayotufanya tulitambue gitaa la dansi hata kupitia spika iliyopasuka. Kuipiga ni rahisi kiasi. Kuipiga ili sauti zote mbili zilingane kwa uzito ni kazi ya miaka. Sikiliza ile ya chini. Kwa mpigaji wa haraka haraka hufifia, na unabaki na wimbo wa sauti moja wenye kivuli.

Anayetaka kusikia mgawanyo wote huu kwa mtu mmoja amsikilize Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Bosco aliimba kwa Kiswahili na kupiga kwa dole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika chini, shahada ikaimba juu, na vidole viwili vikafanya kazi ambayo baadaye iligawiwa watu watatu. Nikiwa na kijana anayetaka kuwa mpiga solo, humkalisha na rekodi hiyo ya "Masanga" na kumtaka aniambie lini gumba linakosea. Halikosei. Upande mwingine wa dunia, Indianapolis nchini Marekani, Wes Montgomery alifanya kazi kiwandani mchana na kupiga jazz kwenye vilabu usiku. Alipofanya mazoezi nyumbani alitumia dole gumba badala ya kipande cha plastiki ili asiwasumbue majirani, na ile sauti nene na laini iliyotokana na heshima kwa majirani ikawa ndiyo alama yake mpaka alipofariki mwaka 1968. Wapigaji wa huku wana sababu za aina hiyo pia. Wapo waliojifunzia magitaa ya galoni na nyaya za breki za baiskeli, na mkono wa kushoto uliozoea kuukandamiza waya mgumu hubaki na nguvu ambayo mwanafunzi wa gitaa la dukani huwa hana. Tafuta hilo: sauti inayokaa mpaka mwisho wake, isiyokatika kabla mpigaji hajataka ikatike.

Kuna saa ambazo bendi hujaribiwa bila kupanga. Uzi unakatika katikati ya chemko. Umeme unazimika, jenereta linarudisha sauti nusu. Mwimbaji anarukia ubeti wa tatu akidhani ni wa pili. Hapo acha kusikiliza muziki na uwatazame watu. Uzi wa solo ukikatika kwenye bendi iliyoishi pamoja, solo ya pili anapanda juu kabla hajaitwa, ridhimu anaongeza uzito kidogo kufunika pengo, na waliokuwa wakicheza hawajui kilichotokea. Kwenye bendi ya kuokoteza wanatazamana. Nimeona mpiga ridhimu, mtu mzima, akibeba wimbo peke yake na tumba huku mwenzake akibadilisha uzi mgongoni mwake, na alipomaliza alimpa nafasi kwa kuinamisha kichwa tu, kama mdogo anavyompisha kaka yake mlangoni. Kwa kipimo changu huo ulikuwa upigaji bora kuliko solo zote za usiku ule.

Undugu wa namna hiyo una historia yake, na historia yenyewe haikuwa laini. Kwa sehemu kubwa ya dansi yetu vyombo havikuwa vya wanamuziki. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, na majeshi yalikuwa na bendi zake. Tancut Almasi ya Iringa ilikuwa ya kiwanda cha kukata almasi. Mwanamuziki aliajiriwa, akakabidhiwa gitaa la mwajiri, na siku aliyohama aliliacha. Kuhama kulikuwa kwingi. Mlimani Park yenyewe, yaani Sikinde, iliundwa mwaka 1978 kwa watu waliotoka bendi nyingine, miongoni mwao Muhidin Gurumo, Abel Balthazar na Michael Enock, na katikati ya miaka ya 1980 Gurumo na Balthazar walikuwa wamekwishahamia Orchestra Safari Sound. Kwa msikilizaji anayetaka kupima, kuhama huku ni zawadi. Chukua mpiga gitaa mmoja, msikilize katika bendi mbili. Kinachobaki kilekile ni chake. Kinachobadilika ni cha bendi, na fundi wa kweli huwa na vyote viwili: unamtambua, na bado Sikinde inabaki Sikinde.

Said Mabera alienda njia nyingine. Alijiunga na NUTA mwaka 1973, bendi ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma, na yeye alikuwepo miaka yote hiyo. Wapo wanaosema solo zake ni nyepesi. Nadhani hawajakaa nazo. Mabera alipiga kama mtu asiye na wasiwasi wa kufukuzwa na wimbo. Aliingia akiwa amechelewa kidogo nyuma ya mdundo, akaacha sauti zake zikae, na kwa sababu aliwajua wenzake kwa miongo, hakuhitaji kueleza kitu mara mbili. Weka Msondo yoyote, bila kutazama jina, na kwa gitaa tu utajua ni wao kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Ni wachache sana waliofika hapo kwa kukimbia.

Mashabiki nao ni sehemu ya ufundi, na wengine huuharibu. Kutunza ni desturi nzuri: unapanda, unambandika msanii noti kipajini au kuiweka mbele yake, unashuka ukicheza. Lakini noti hubandikwa wakati wa mbwembwe, karibu kamwe wakati wa kuitikia vizuri, na mpiga gitaa mwenye watoto wa shule hujifunza upesi fedha iko wapi. Nimewaona vijana wenye masikio mazuri wakigeuka kuwa watu wa sarakasi ndani ya msimu mmoja wa pamba. Kwa hiyo ombi langu kwa mpenzi wa dansi wa Bariadi ni dogo. Ukipanda kutunza, mpite mpiga solo, nenda nyuma kwa ridhimu au besi, wakati wimbo bado uko kwenye hadithi. Bendi nzima itaona. Mpiga solo ataona kuliko wote.

Leo bendi za kukaa mahali pamoja ni adimu, na kwenye harusi nyingi kinanda kimoja chenye mdundo wa mashine kimechukua nafasi ya watu saba. Gitaa halijafa. Limehamia mahali ambapo wapenzi wa zamani hawaendi kulitafuta. Waimbaji wa nyimbo za Kisukuma wanalitumia, na ukienda mnadani utaisikia kazi yao ikitoka kwenye spika za wauza flashi. Sherehe za Nane Nane zilipofanyika kitaifa viwanja vya Nyakabindi, kuanzia mwaka 2018, ngoma na bendi zilikuwepo kwa wingi. Zaidi ya kote, lipo kanisani. Kwaya za AIC, kama ile ya Makongoro ya Mwanza, zimewalea wapiga gitaa wa kanda hii kwa miaka mingi, na kijana wa Itilima au Busega anayelijua gitaa leo, uwezekano mkubwa amelishika mara ya kwanza Jumapili. Vipimo ni vilevile, ila kanisani kimoja kinakaza zaidi: maneno lazima yasikike. Mpiga solo wa kwaya hana ruhusa ya kupita juu ya ujumbe. Ndiyo maana vijana waliotoka kwaya, wakiingia dansi, mara nyingi hujua kuitikia kuliko waliojifunzia kwenye simu. Udhaifu wao ni chemko. Wameizoea ile fupi ya kwaya, na wakipewa dakika sita wanamaliza maneno mapema.

Tahadhari kwa anayejifunza kupitia rekodi za zamani. Nyingi za Radio Tanzania zilirekodiwa bendi nzima ikipiga kwa mkupuo mmoja, kwa vinasa sauti vichache. Waimbaji wako mbele, dramu ziko mbali, na besi mara nyingine ni mngurumo tu. Usimhukumu mpiga besi wa mwaka 1970 kwa rekodi hizo. Wapiga gitaa unaweza kuwapima, kwa sababu gitaa hupenya. Na kwa kuwa hapakuwa na kukata na kuunga, ukisikia mpiga solo akijikwaa kidogo na kujirekebisha ndani ya kipande hichohicho, rudia pale mara kadhaa. Ni shule ya bure.

Kama unaanza, mpangilio wangu ni huu. "Rosa" ya Western Jazz kwanza, kwa ajili ya magitaa yanayojipanga bila kugombana. Kisha "Dada Asha" ya Tabora Jazz, utunzi wa Shem Karenga, kwa ajili ya solo inayoitikia. Kisha Les Wanyika kwa besi na ukimya wake. Baada ya hapo Mlimani Park, "Neema", uhesabu magitaa yote mpaka uyapate. Mbaraka Mwinshehe mweke mwisho kabisa. Aliimba, alitunga na kupiga solo mwenyewe, kwanza Morogoro Jazz na tangu 1973 Super Volcano, mpaka ajali ya Mombasa ya Januari 1979. Ukimsikiliza mapema utamsikia yeye tu. Ukifika kwake ukiwa na masikio yaliyofundishwa na wale wengine, weka "Shida" na uwafuate watu walio nyuma yake, wale ambao majina yao hayapo kwenye jalada, wimbo wote, mpaka sauti inapozimwa.